Vipimo vya Mkononi

Biashara Street, Nairobi
20 Novemba 1967

Dada Ilona,

Barua hii anakuletea Zedekiah, jirani yangu wa Kabiria anayefagia wadi yenu ya kifua hapo Parklands. Kwa vile daktari amekataza wageni, yeye ndiye atakuwa posta yetu. Nimemwambia akupe mkononi na asimame hapo mpaka uifungue. Anasema kikohozi kimepungua lakini mdomo haujapungua. Namshukuru Mungu kwa yote mawili.

Duka lipo. Cherehani yako nimeifunika na hakuna anayeikalia, hata mimi. Mama mmoja wa Spring Valley alirudisha sketi akifoka kwamba kuna mtu amemtarizia jina lake ndani ya mkanda kwa uzi mwekundu, na ni nani aliyemtuma? Nikamwambia ni desturi ya duka. Miaka minane nafanya kazi nawe na bado sijui ni desturi ya nini. Najua tu kwamba nguo haitoki mlangoni kabla jina la mwenyewe halijafichwa mahali.

Sasa habari yenyewe. Kaa vizuri. Ile shule mpya ya wasichana ya bweni, upande wa Riruta, imetupa kazi ya kushona sare zote za kidato cha kwanza! Mwalimu mkuu, Bwana Jamleck, alikuja mwenyewe. Nikamweleza habari za Waceke wangu, alama zake nzuri, na jinsi alivyokosa nafasi kule alikoomba. Akasema, "Mama, nishonee vizuri na kwa wakati, huyo msichana wako nitampokea." Dada, nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia mbele yake. Wala sikuona haya.

Kitambaa ni cha buluu, kizuri, hakikunjiki ovyo. Kuna kazi moja tu ya ziada. Kila gauni litashonwa namba ya mwanafunzi kifuani, nyeupe, kubwa, ionekane kutoka mbali. Ameniachia orodha ya wasichana, vipimo na namba zao, lakini majina hayataki kwenye nguo. Nitaanza kukata wiki hii.

Pona upesi, kazi ni nyingi.

Nyakio, Mama Waceke


Wadi ya Kifua, Parklands
22 Novemba 1967

Mama Waceke,

Nimefurahi kwa ajili ya Waceke mpaka muuguzi akaja kunipima homa. Hapa ni uji, dawa na sindano. Maisha yangu yote nimewachoma watu kwa pini, sasa kila asubuhi wananirudishia, tena kwenye matako. Waambie wateja wafurahi.

Kata magauni. Shona magauni. Lakini namba hatushoni. Mwambie mwalimu kwamba duka letu lina majina. Akitaka majina, tutamtarizia ya watoto, ya ukoo, hata la nyanya yake mzaa mama. Namba hapana. Si kubwa, si ndogo, si nyeupe.

Usiniulize sababu. Na usiikalie cherehani yangu.

Ilona


Biashara Street
27 Novemba 1967

Dada Ilona,

Cherehani yako sijaikalia. Wewe ndiye umenikalia mimi.

Nilimpelekea Bwana Jamleck maneno yako, nikiwa nimeyalainisha kweli kweli. Akanitazama kwa huruma. "Mama, hizi nguo zitafuliwa pamoja. Zitapotea, zitaibwa, wasichana watapigana. Namba ndiyo dawa. Kama hamuwezi, mafundi wamejaa River Road." Kisha, akiwa tayari mlangoni, akasema ni wengi wanaoililia nafasi ya Waceke.

Wewe umelala kitandani, mimi ndiye ninayesimama mbele ya mtu huyo. Wewe huna mtoto ambaye ameshaanza kuwaaga marafiki zake mtaani. Ni uzi tu, dada! Uzi mweupe juu ya kitambaa cha buluu. Nani amewahi kufa kwa uzi?

Nisiulize sababu, unasema. Miaka yote hii sijauliza. Unakumbuka wiki yangu ya kwanza dukani? Nilikuita memsahib, kama tulivyowaita mabibi wa Kizungu, ukasema nikikuita hivyo tena utanichoma kwa sindano, na tangu hapo ukawa dada yangu. Siku hiyo joto lilikuwa kali, ukakunja mikono ya blauzi yako, nikaona maandishi ya buluu: A 26 34. Nilijua mara moja ni nini, maana mafundi wote ni wamoja. Karatasi ikiwa mbali tunaandika mkononi. Herufi ya jina, kiuno, hipsi. Nikashangaa tu kwamba wino haukutoka hata uliponawa. Nikauliza, "Hivi ni vipimo vya nani?" Ukasema, "Vya msichana mmoja aliyekataa kushonewa." Ukacheka, ila macho yako hayakucheka. Nikaelewa kwamba una binti mahali fulani Ulaya, jina lake linaanza kwa A, na kuna gauni ambalo hukuwahi kumshonea. Nikanyamaza kwa heshima.

Basi nawe mheshimu binti yangu.

Nyakio


Biashara Street
9 Desemba 1967

Dada Ilona,

Hujajibu. Zedekiah anasema unageukia ukutani. Lile neno kwamba huna mtoto niliandika kwa hasira. Nisamehe.

Nimekuletea kitu. Magauni yote nimeshayakata, kikabaki kitambaa cha kutosha gauni moja. Nimemshonea yule msichana wako. Kiuno ishirini na sita, hipsi thelathini na nne, kama vilivyoandikwa. Urefu niliukisia kwa Waceke, kwa sababu vipimo vyake sasa ni hivyo hivyo, tukacheka sana nilipogundua. Alisimama juu ya meza, nikamzungushia pini, akasema, "Huyo A atapendeza." Kama A yuko hai, mpelekee. Kama hayuko, angalau gauni lake lipo duniani.

Namba sijashona bado. Kila nikichukua uzi mweupe nakusikia ukisema hapana.

Nyakio


Wadi ya Kifua, Parklands
16 Desemba 1967

Mama Waceke,

Zedekiah atakuwa amekuambia. Nilifungua mfuko, nikamfukuza maskini wa watu, nikaliweka gauni usoni mpaka likalowa. Siku iliyofuata nilikukasirikia kutwa nzima. Halafu nikacheka, nikacheka mpaka kifua kikanikaba na daktari akaniongezea sindano. Sasa nimetulia, nakuandikia.

Huyo msichana ni mimi. Na A si jina.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Tulikaa katika mji mdogo wa Hungaria, na baba yangu alikuwa na duka la viatu. Sisi ni Wayahudi. Kosa letu lilikuwa hilo tu, hakukuwa na lingine. Wakati wa ile vita ya Wajerumani tulipakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe, tukapelekwa kambini, Poland. Tuliposhuka, mama na mdogo wangu Zsuzsi walielekezwa upande mmoja, mimi upande mwingine. Upande wao ulikuwa wa kufa, siku ile ile. Mimi sikujua. Nilimpungia Zsuzsi mkono nikamwambia, "Tutaonana jioni."

Wakatunyoa nywele. Wakanichoma namba hii mkononi, A 2634, kwa sindano na wino, wakasema kuanzia sasa hili ndilo jina lako. Kisha wakauliza nani anajua kushona. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa mwongo, hata kutia uzi kwenye tundu la sindano sikujua. Uongo huo ulinikalisha penye paa wakati wa baridi, na ndio ulionifanya niishi. Unajua kazi waliyonipa ilikuwa gani? Kushona namba. Vipande vya kitambaa vyenye namba, kwenye nguo za wanawake, kifuani.

Kwa hiyo nikaanza ukaidi wangu. Kila mwanamke aliyesimama mbele yangu nilimnong'oneza, "Jina?" Naye akaninong'oneza. Nami nikalitia kwa uzi mdogo mdogo nyuma ya kile kipande, upande unaogusa ngozi. Wangenikamata, wangeniua. Nilitia Margit. Nilitia Rózsi. Nilitia Hanna na mama yake Hanna. Wengi hawakutoka kule. Lakini aliyepita mikononi mwangu hakufa akiwa amevaa namba peke yake.

Sasa umejua desturi ya duka ni ya nini.

Vita ilipokwisha, mjomba aliyekuwa na duka hili aliniita Nairobi. Kila aliyeuona mkono wangu hapa kwa bahati mbaya aligeuza uso. Wazungu waligeuza uso, Wahindi waligeuza uso, hata kasisi mmoja niliyemshonea kanzu. Wewe peke yako uliangalia ukaona kiuno na hipsi. Ulimwona msichana. Ndiyo maana nikakudanganya, Nyakio. Nilitaka uendelee kumwona.

Uliuliza nani amewahi kufa kwa uzi. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na majibu mengi mno.

Kuhusu Waceke, yeye ni mtoto wako na uamuzi ni wako. Ukizishona hizo namba sitakuchukia. Ila zishone kwingine, si ndani ya duka langu.

Ilona


Kabiria
19 Desemba 1967

Dada Ilona,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye kizingiti. Nimelia, halafu nimekasirika, na hasira imenisaidia kuliko kilio.

Neno kambi nalijua. Wakati wa hali ya hatari hapa kwetu Dagoretti Waingereza walituchimbia handaki na kutuzungushia miiba, ukitoka ni kwa ruhusa. Baba yangu Gerishon walimchukua. Hata kabla ya hapo alikuwa anavaa kipande shingoni, ile pasi ya Mwafrika, ndani ya kikopo cha bati, kama mbuzi aliyefungwa kengele. Juzi alikuja dukani, nikamwambia kijana anayenisaidia siku hizi, "Nipe kile kipande," yaani cha kitambaa, nikaona mkono wa mzee umekwenda shingoni wenyewe. Kambini walikuwa wanamwita kwa namba. Siku aliyorudi nyumbani, mama alimwita jina lake akakaa kimya. Akamwita tena, kimya. Waceke alikuwa mdogo, ameshika sketi yangu, akaniuliza, "Huyu babu ni kiziwi?"

Sisemi yake ni sawa na yako. Yako ni yako na siwezi hata kuishika yote kichwani. Nasema tu kwamba mtu aliyeitwa namba nimemwona akirudi, na najua nilivyolala na ile sauti ya mama yangu akiita.

Nimemsomea Waceke barua yako. Akasema, "Mama, kwani lazima niende?" Mtoto aliyeililia shule mwaka mzima! Nikamwambia utakwenda, hata iweje.

Nimepata wazo. Tushone namba juu, na chini yake tufiche majina, kama ulivyofanya wewe. Mwalimu apate namba zake, sisi tubaki na majina yetu. Waceke atasoma na dhamiri zetu zitalala. Unaonaje?

Nyakio


Wadi ya Kifua, Parklands
22 Desemba 1967

Mama Waceke,

Naona vibaya.

Mimi nilificha kwa sababu mlangoni kulikuwa na bunduki. Mlangoni kwa Bwana Jamleck kuna nini? Kengele? Nchi hii ina bendera yake na wimbo wake, halafu wasichana wake wafiche majina yao chini ya kitambaa kama vitu vya wizi?

Geuza. Jina juu, jekundu, lisomeke kutoka barabarani. Namba, kama anaitaka kwa ajili ya dobi, achukue wino wake aandike mwenyewe ndani ya kola. Na usipeleke magauni mapema. Yapeleke asubuhi ya kufungua shule, wazazi wakiwa wamejaa uwanjani na masanduku yao. Tuone atawavisha nini.

Naogopa, sikufichi. Ni Waceke tunayemweka rehani, si mimi wala wewe. Mwulize kwanza yeye. Akisema hapana, basi hapana. Akisema ndiyo na huyo mwalimu akamfukuza, nitatoka humu na mapafu yangu nikamkoholee ofisini.

Gauni nimebaki nalo. Pindo lako la chini limepinda, na hata kwa machozi siwezi kuvumilia pindo lililopinda. Muuguzi amenitafutia sindano na uzi. Yale mengine shona wewe. Hili niachie.

Ilona


Biashara Street
16 Januari 1968

Dada Ilona,

Waceke alisema ndiyo. Alisema, "Shona kubwa."

Jana nilikodi mkokoteni wenye msukumaji mwenye mbio, nikafika shuleni magunia yamejaa. Wazazi walikuwa wengi ajabu, wengine wametoka magharibi kwa gari moshi la usiku. Bwana Jamleck akafungua gunia la kwanza mbele yao. Akatoa gauni. MILCAH. Akatoa lingine. PERES. Akatoa NANYAMA. Akaanza kuvuta kwa mikono miwili.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni majina, mwalimu."

"Mimi niliagiza namba."

"Namba zimekataa kushoneka."

"Sasa nitajuaje nguo ni ya nani?"

"Si wewe ndiye umesoma, mwalimu? Soma."

Dada, uwanja mzima ulicheka! Baba mmoja mwenye koti la mvua akauliza kwa sauti, "Kwani alitaka kuwafunga jela?" Mwalimu akatazama saa, akatazama wasichana waliosimama na nguo za nyumbani, akaona hana njia. Wakagawiwa. Kila mmoja aliyepokea lake aliligusa kwanza pale penye jina kabla ya kulivaa.

Waceke hakuchukua kutoka gunia. Alikuwa amekuja amelivaa lile lako. Zedekiah aliagiza kwanza lichemshwe huko kwa dobi wa hospitali, kisha akalileta Kabiria amelikumbatia kama mtoto mchanga. Pindo limenyooka kweli, na kifuani umemtarizia WACEKE kwa mkono wako; sina la kusema.

Lakini usishangilie bado. Wakati naondoka Bwana Jamleck alinivuta kando. "Umenishinda leo, mama. Ila huyo wako ninamwangalia. Kosa moja tu, anarudi kwenu." Nimelala macho. Mimi ndiye niliyemtoa mtoto sadaka kwa maneno matamu ya uwanjani.

Nyakio


Shuleni, Riruta
28 Januari 1968

Anti Ilona,

Mama aliniambia nikuandikie wewe kwanza, yeye atasoma baadaye.

Majina yetu yapo kifuani, lakini kumbe mwalimu mkuu aliweka namba kwenye daftari la kuitia. Jumatatu ya kwanza akasimama mbele ya mstari akaita, "Namba moja!" Namba moja ni Milcah, kitanda chake kiko karibu na changu, na usiku nilikuwa nimewahadithia wasichana wote kuhusu mtu aliyekuwa akinong'ona "Jina?" Milcah akanyamaza. "Namba mbili!" Kimya. Akafika mpaka mwisho, Anti, hakuna hata aliyekohoa.

Akaja mbele yangu. "Wewe ndiye chanzo. Namba yako ni ngapi?"

Nikasema, "Naitwa Waceke, mwalimu."

"Nimeuliza namba."

"Waceke, mwalimu. Imeandikwa."

Nikajua sasa narudi Kabiria. Alinitazama sana. Akanipeleka kufyeka nyasi nyuma ya jikoni wiki nzima, na Milcah pia kwa sababu alicheka. Mikono imetoka malengelenge. Kila asubuhi aliita namba, na kila asubuhi tulinyamaza, na kila asubuhi nilifikiri leo ndio mwisho wangu. Ijumaa akawa na mafua, sauti imemkauka, nadhani akachoka kupigana. Akalifunga daftari, akatembea kwenye mstari akisoma vifua vyetu. "Milcah. Peres. Nanyama." Tukaitika kwa nguvu mpaka wapishi wakatoka nje. Alipofika kwangu akasoma polepole, "Waceke," kisha akasema, "Mwambie mama yako herufi ya mwisho imekaa chini kidogo." Nikamwambia hiyo si ya mama, ni ya fundi mwenyewe, alishona akiwa kitandani. Sijafukuzwa.

Anti, ndani ya mkanda wa gauni niliona jina lingine, dogo sana, jekundu. Zsuzsi. Namjua kutoka ile barua uliyomwandikia mama. Kila nikivua gauni jioni nalitazama kwanza, namwambia, "Tumeonana."

Waceke


Wadi ya Kifua, Parklands
3 Februari 1968

Mama Waceke,

Barua ya mtoto imenifikia. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea, sasa nimempa Zedekiah akuletee. Isome umekaa.

Alhamisi wananitoa. Mapafu, wanasema, ni ya mtu mkaidi. Ifunue cherehani yangu uitie mafuta. Na kuhusu ile herufi ya mwisho, mwambie Bwana Jamleck nilikuwa nimelala kifudifudi na muuguzi alikuwa ananichoma sindano.

Nina ombi moja. Miaka ishirini nimevaa mikono mirefu hapa Nairobi, hata Februari hii inayochemsha watu. Ule mkunjo wa siku ile ulioniona nao ulikuwa wa kujisahau. Nikatie blauzi mbili za mikono mifupi. Fupi kabisa, ziishie juu ya kiwiko.

Wateja watauliza. Wakiuliza, usigeuze uso na usiwabembeleze. Waambie ni vipimo. Kiuno ishirini na sita, hipsi thelathini na nne. Waambie gauni lilishonwa, na mwenyewe yuko shuleni.

Ilona